Ufagio Nyuma ya Mlango

Kila mwanamke wa Boca del Palmar, pwani ya Meksiko, anaijua dawa ya mgeni asiyetaka kuondoka. Unachukua ufagio, unausimamisha nyuma ya mlango wa mbele kichwa chini miguu juu, mpini sakafuni na nyuzi zikitazama dari, kisha unanyamaza. Hukunji uso, humkatizi mtu maneno. Unaendelea kumsogezea kiti na kumwongezea kahawa, na ufagio unafanya kazi yake. Mgeni atapiga miayo, atakumbuka kuwa ameacha maharagwe motoni, ataaga. Ni dawa ya waungwana, na watu wa Boca wanajisifia uungwana hata pale ambapo ukali kidogo ungewafaa zaidi.

Doña Obdulia aliugeuza ufagio wake Jumatatu asubuhi, mara tu baada ya kuzungumza na mwanawe kwa simu.

“Mama, kiwanda kimefungwa,” Efraín alimwambia kutoka Tijuana, kule mpakani mwa Marekani. “Tunarudi nyumbani. Yesenia mimba yake iko mwezi wa nane, hataki kujifungulia huku kama yatima. Chumba si kipo?”

“Kipo, mwanangu. Kitakosaje kuwepo?”

“Basi Jumamosi tumefika.”

Chumba kilikuwepo kweli. Kilikuwa juu, chenye ngazi yake ya nje, kimejengwa tofali baada ya tofali kwa pesa za Efraín mwenyewe. Chini palikuwa na chumba cha wazee, jiko na baraza, basi. Na ndani ya chumba cha juu alikuwemo doña Rut.

Huyu Rut alikuwa mjane wa Kikanada, mstaafu wa posta. Alikuja Novemba kuikimbia theluji, akasema anakaa mwezi mmoja. Mwezi ukazaa mwezi. Wazungu wenzake wote wa msimu wa baridi walifunga masanduku baada ya Pasaka, joto lilipoanza kuwatoa upele, lakini yeye akanunua feni. Akanunua na kofia ya ukindu pana kama sinia. Akajifunza Kihispania cha sokoni, kifupi na kisicho na adabu nyingi, akajua siku za maji ya bomba na akajua ni muuza samaki yupi anayebonyeza mizani kwa kidole. Muuza gesi akipita na wimbo wake wa kipaza sauti, ni Rut aliyetoka kumsimamisha. Alikuwa mpangaji, lakini mtu asiyejua angedhani ni shangazi wa pale.

Na angekuwa mpangaji mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Lakini mwezi Machi don Nicandro, mume wa Obdulia, ambaye kazi yake ni kuezeka makuti kwenye mikahawa ya pwani, alianguka kutoka juu ya paa akavunjika bega. Mwenye mkahawa alileta kikapu cha maembe, hakuonekana tena. Rut alishuka ngazi, akaweka kodi ya mpaka mwisho wa Julai chini ya kopo la chumvi, akasema, “Nitakuwepo tu, kwa hiyo chukueni.” Hakuna aliyemwomba. Pesa ile ilikwenda yote kwa daktari wa mifupa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanyeje na mgeni aliyekulipia daktari.

*

Jumanne asubuhi Rut alishuka kununua mkate. Alipofika mlangoni akauona ufagio. Aliutazama, akautwaa, akafagia baraza, akafagia ngazi, akatoka nje akafagia na kipande cha barabara mbele ya nyumba mpaka majani makavu yote yakawa chungu moja. Kisha akaurudisha ulipokuwa, vilevile, miguu juu, kama mtu mwenye heshima na vitu vya wenyewe.

Ng'ambo ya barabara doña Chela alikuwa amekaa mlangoni kwake akijipepea. Chela ndiye aliyemshika Efraín kwenye ubatizo, kwa hiyo yeye na Obdulia ni komadre, undugu ambao kule Boca huruhusu kuambizana lolote.

“Shoga,” Chela alimwambia Obdulia alipovuka kumsalimu, “yule mpangaji wako umemgeuzia ufagio, naye ameufanya ajira.”

“Sema polepole, atasikia.”

“Na asikie. Si ndiyo shida yako, kwamba hajasikia? Panda ngazi, mwambie: bibi, nataka chumba changu. Neno moja hilo.”

“Ni maneno mengi.”

“Mficha uchi hazai, komadre. Na kwako kuna anayekuja kuzaa.” Chela alijipepea kidogo, akashusha sauti. “Kama huwezi, niletee mimi. Vyumba vyangu vitupu tangu Pasaka.”

“Kwako wewe? Unayemzimia mpangaji feni akienda kuoga?”

“Umeme unalipwa, mwenzangu.”

Obdulia alirudi kwake amekasirika, na hakujua amekasirikia nini. Alitaka Rut aondoke. Lakini wazo la kumwona ng'ambo, anamfagilia Chela, lilimchoma kuliko alivyotarajia.

*

Jumatano alimgeukia mumewe.

“Mwambie wewe. Mwanamume akisema husikika.”

“Mimi?” Don Nicandro alikuwa kwenye bembea ya kulalia, mkono umefungwa kifuani. “Mimi ndiye niliyempa chumba? Wewe ulimpa chumba, ukampa na ufunguo, na mkesha wa Krismasi ukamkumbatia ukalia ukamwambia hapa ni kwake. Nilikuwepo, nilikusikia.”

“Kila mtu husema hivyo Krismasi.”

“Basi mwambie ilikuwa Krismasi.”

Lakini alikwenda. Obdulia alisimama chini ya ngazi na taulo ya vyombo mkononi, akasikiliza. Kwanza alisikia sauti ya mumewe, ya chini, ya mtu mwenye jambo zito. Kisha akasikia kicheko. Kisha akasikia sahani. Alipoteremka, don Nicandro alikuwa na makombo kwenye masharubu na kipande cha keki ya shayiri kwenye mkono wake mzima.

“Umemwambia?”

“Nilikuwa naelekea huko. Nilianza kwa mbali, si unajua mambo haya yanavyoanzwa. Nikasema, doña Rut, jua la huku juu ni kali, mtu anaweza kuugua. Akasema kweli. Nikasema, na hili bati linachemka. Akasema kweli kabisa.”

“Halafu?”

Don Nicandro alitazama keki. “Halafu nikamwahidi kwamba nikipona nitamwezekea kibanda cha makuti mbele ya mlango.”

Obdulia alikaa kwenye ngazi. Alitamani kumpiga na taulo, lakini huwezi kumpiga mtu mwenye bega bovu, na tena alijua kuwa angepanda yeye, angeteremka na ahadi kubwa zaidi.

*

Alhamisi alichinja kuku, akapika mole, ule mchuzi mweusi wa pilipili kavu, ufuta na kakao unaotaka mtu asimame jikoni tangu alfajiri. Mole haipikwi bure. Hupikwa harusini, hupikwa matangani, na hupikwa mtu anapoagwa. Alitandika kitambaa cha meza cha kudarizi, akampa Rut kiti cha heshima, kichwani pa meza.

“Leo kuna nini?” aliuliza Rut.

“Basi tu.”

“Basi tu,” Rut alirudia, akamtazama kwa muda kabla ya kuchukua kijiko.

Obdulia alimwacha ale nusu ya sahani. Kisha akaanza, kwa sauti tamu aliyoifanyia mazoezi mbele ya jiko.

“Kwenu huko theluji itakuwa imekwisha sasa.”

“Imekwisha.”

“Na maua yamechanua.”

“Yamechanua.”

“Wee, lazima pawe pazuri. Watu wako watakuwa wanakungoja kwa hamu.”

Rut aliweka chini chapati yake ya mahindi. “Mume wangu yuko makaburini. Mwanangu yuko Australia. Hunipigia simu siku yangu ya kuzaliwa, mwaka mwingine hunipigia kesho yake. Nani ananingoja, doña? Paka?”

“Una paka?”

“Nilikuwa naye.”

Don Nicandro alikohoa, akainamia sahani yake. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wa Obdulia mchana ule ulikuwa mfupa mtupu. Sentensi yote ilikuwa tayari kinywani, ameipanga vizuri, na haikutoka. Alinyoosha mkono, akamwongezea Rut paja la kuku.

Usiku na mchana alikuwa akijiambia: kesho. Lakini si yeye peke yake aliyekuwa akiihesabia Jumamosi. Mtoto wa kwanza wa mwanawe alikuwa anakuja, na mzazi wa Boca hukaa arobaini ndani, dirisha limefungwa, kichwa kimefunikwa, asipigwe na upepo hata wa mlango. Hujifungia chumbani na mtoto, na mama mkwe humpandishia supu ya kuku. Hivyo ndivyo mama mkwe wake mwenyewe alivyomfanyia. Ataifanya wapi arobaini hiyo? Barazani, mbwa wakipita?

*

Walifika Ijumaa jioni, siku moja mapema, kwa sababu tiketi za Ijumaa zilikuwa nafuu. Efraín aliteremsha masanduku kutoka kwenye teksi, amekonda, ndevu za siku nyingi. Yesenia alitoka polepole akishikilia mlango. Miguu yake ilikuwa imevimba hata kamba za makubazi zimezama.

“Mama,” alisema, akambusu Obdulia shavuni. “Samahani, ninanuka basi.”

“Unanukia kama mwanangu,” Obdulia alijibu, akamketisha, akamletea maji ya rosela. Aliongea bila kupumua: juu ya bega la mumewe, juu ya padri mpya, juu ya bei ya samaki. Huku akiongea, don Nicandro kwa mkono wake mmoja alikuwa akiburuta godoro kuukuu kuliweka barazani.

Efraín aliangalia godoro. “La nani hilo?”

“La leo tu,” alisema mama yake. “Mpaka nipange mambo.”

“Mambo gani? Mama, mpangaji bado yuko juu?”

Wakati huohuo Rut akaingia kutoka pwani, kofia yake kichwani, mchanga miguuni. Alimwona msichana mwenye tumbo, akaona masanduku, akaona godoro. Alimpa Yesenia mkono, akamuuliza kwa Kihispania chake kifupi, “Mwezi wa nane?” Yesenia akaitikia kwa kichwa. “Vizuri,” alisema Rut. Alitundika kofia kwenye nguzo ya baraza, akamtazama Obdulia, akasubiri.

Obdulia alitazama jagi. “Rosela, doña Rut? Ni baridi.”

“Hapana, asante.” Akapanda juu.

Efraín alingoja mpaka mlango wa juu ufungwe. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. “Mama, chumba kile nilikijenga mimi. Nilikula mikate mitupu kule nikijenga chumba kile.”

“Najua, baba.”

“Sasa mke wangu analala nje kama mbwa ili mgeni asinune.”

“Efraín,” alisema Yesenia. “Basi.”

Mvua ya kwanza ya mwaka haikuwa na adabu ya kusubiri Jumamosi. Ilikuja kutoka baharini na upepo wa ubavu, ikaingia barazani kana kwamba hakuna paa. Walilinyanyua godoro upande mmoja likiwa limekwisha kulowa, wakalisukumia jikoni, likaziba mlango wa kabati na nusu ya meza. Don Nicandro alimwaga maharagwe kwa kiwiko. Yesenia alikaa juu ya kreti ya soda kati ya mtungi wa gesi na ukuta, mikono juu ya tumbo. Hakulalamika. Alifuta uso kwa pindo la blauzi, na haikujulikana kama anafuta mvua.

Obdulia alimwona. Akaona haya ambayo hajapata kuiona maishani mwake, haya kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia wiki nzima. Akavuta kitambaa cha mezani akajitanda kichwani, akapanda ngazi katikati ya mvua.

*

Rut alifungua kabla hajabisha mara ya pili. Nyuma yake, juu ya kitanda kilichovuliwa mashuka, masanduku mawili yalikuwa yamefungwa. Obdulia aliyaona. Angeweza kushukuru akateremka. Lakini Rut alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, kama karani ambaye hatakuhudumia mpaka useme unataka nini.

“Ndiyo, doña?”

“Mvua imeanza.”

“Imeanza.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

Maji yalikuwa yakimtiririka Obdulia mgongoni. “Rut,” alisema, na hakutanguliza ile doña ya heshima. “Nakitaka chumba changu. Mwanangu amerudi, mkewe anazaa, na sina pa kuwaweka. Nataka uondoke. Na pesa yako ya mbele imekwisha, sina ya kukurudishia. Hiyo ndiyo hali.”

Ilikuwa imetoka. Alitegemea bati liwaangukie.

“Asante,” alisema Rut. Macho yake yalikuwa mekundu. “Nilikuwa nangoja hilo.”

“Ulikuwa unajua?”

“Ufagio? Chela aliniambia Jumanne ileile, sokoni. Kwa sauti kubwa, mbele ya muuza vitunguu.”

“Jumanne!” Obdulia alishika mdomo. “Na bado ukawa unafagia kila siku?”

“Palikuwa pachafu pale mlangoni.” Rut alivuta pumzi. “Sikiliza. Posta walinistaafisha kwa keki. Nimefanya kazi pale tangu msichana, siku moja nakuta keki mezani, watu wanapiga makofi, hakuna hata mmoja aliyeniambia nenda. Mume wangu alikuwa mgonjwa mwaka mzima, hakuniambia, mpaka nikaambiwa na daktari. Nimechoka kukisia, doña. Nilisema nikae, nione kama hapa kuna mtu atakayeniambia usoni. Nilipoona ile mole, nikasema basi, huyu naye ananipa keki.”

Obdulia alianza kulia, kisha akacheka, kisha vikachanganyika. “Ilikuwa mole nzuri.”

“Ilikuwa nzuri sana. Na pesa utanirudishia, si leo. Mimi si mtakatifu.”

“Nitakurudishia.”

“Najua. Shika sanduku hilo, ndilo jepesi.”

Waliteremka wakiwa wamelowa. Efraín alipoona sanduku mkononi mwa mama yake aliinuka haraka kulipokea, uso umembadilika, akitafuta neno la kusema. Rut alimpungia mkono akae. Yesenia alijaribu kusimama kutoka kwenye kreti. “Bibi, si lazima leo, na mvua hii,” alisema. “Lazima,” Rut alijibu. “Godoro la juu ni kavu. Nenda ukalale.”

Mlangoni Rut alisimama. Ufagio ulikuwa pale nyuma, miguu juu, umesahauliwa katika vurugu zote. Aliushika, akaugeuza, nyuzi zikakaa sakafuni.

“Huu haujui majina ya watu, doña,” alisema. “Na kuna mgeni yuko njiani.”

Obdulia alijishika tumbo kana kwamba ndiye mwenye mimba. Tangu Jumatatu ufagio ule ulikuwa umesimama mlangoni ukimwambia kila anayekuja arudi alikotoka, na anayekuja alikuwa mjukuu wake. Hakulifikiria hilo hata mara moja. Walivuka barabara pamoja, na Obdulia alibeba sanduku mbele ya macho ya mtaa mzima uliokuwa ukichungulia mvua madirishani. Alilikabidhi kwa Chela mlangoni kwake.

“Komadre, nakuletea mpangaji. Nimemwambia kwa mdomo wangu.”

“Ilikuwa wakati,” alisema Chela.

“Na feni yake usiizime.”

*

Mtoto alizaliwa kabla ya mwisho wa Juni, msichana, mwenye nywele nyingi za kuudhi. Dirisha la juu lilifungwa, supu ya kuku ikawa inapanda ngazi asubuhi na jioni. Kila asubuhi Obdulia akifagia kwake, ng'ambo alimwona Rut akifagia kwa Chela. Walisalimiana kwa kuinua fagio. Rut hakuvuka. Obdulia alimwambia avuke, mara mbili, na yeye akajibu, “Baadaye,” kama mtu yeyote wa Boca ambaye hataki kusema hapana. Jibu hilo lilimuuma Obdulia kwa sababu alijua ni nani aliyemfundisha.

Jumapili moja baada ya misa Rut alitokea mlangoni, kuku amemfunga miguu, anamning'iniza kichwa chini. Jua lilimpiga usoni, kwani hakuwa na kofia.

“Kwa ajili ya supu,” alisema.

“Karibu ndani. Mbona umesimama?”

“Naangalia kwanza.”

Alipenyeza kichwa, akatazama nyuma ya mlango. Ufagio haukuwepo. Obdulia alikuwa ameuhamishia uani tangu usiku ule wa mvua, na mahali pake alikuwa amepigilia msumari. Kwenye msumari ilitundikwa kofia ya ukindu, pana kama sinia, iliyosahauliwa kwenye nguzo ya baraza.

Rut aliitazama sana. Kisha akampa Obdulia kuku, akavua viatu, akaingia.